Toka Nje, Uingie Tena

Jumatatu, katika ofisi moja hapa Nakuru, jamaa wa koti la ngozi aliipita foleni yetu yote na kugonga kaunta kwa ufunguo wa gari. "Fomu yangu imekaa hapa wiki mbili! Kwani mnafanyanga nini?"

Karani, msichana mpole wa miwani, hakuinua hata macho. "Boss, toka nje, uingie tena, usalimie watu."

Jamaa aliganda. Sauti ile aliijua. "Admin? Ni wewe?"

"Nani mwingine?"

Akatoka. Akarudi taratibu, akatusalimia mmoja mmoja, kisha akasimama nyuma yangu, mkiani.

"Huyo ndiye admin, msimamizi wetu; alifungua seva yetu ya mtandaoni ya kuongea tukicheza geimu," alininong'oneza. "Tuko wengi, mpaka Molo. Ukiingia na kelele, anakutoa. Mimi ashanitoa mara nne, na Jumamosi tuko na mashindano, sitaki anitoe tena."

Miaka yote ofisi zetu zimebandika mabango ya heshima ukutani, kumbe zilihitaji admin.

Zamu yangu ilipofika, nikasukuma fomu kwenye kaunta bila salamu. Karani hakuigusa. Alinitazama tu juu ya miwani, mpaka nikakumbuka mlango uko wapi.