Bernadina na Chumba cha Kambini

Mke wangu Bernadina alizaliwa Masieda. Nilimwoa kwa mahari, kisha padre akatubariki. Tulishuka Masakta, chini ya mlima, kutafuta ardhi, na mashamba ya ngano ya serikali yakaja mpaka karibu na ua wetu.

Binti yetu Kornelia alipata kazi ya kupika kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba hayo. Huko akakaa na Sebastiani, dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, mtu wa mbali. Hakuna mshenga aliyekuja kwetu. Kambini wengi walikaa hivyo.

Tumbo lilipotokeza, Kornelia aliachishwa kazi, akarudi nyumbani. Bernadina akashindwa kula. Kwetu, msichana asiye na mume hazai kwa baba yake. Akizaa hapo, uchafu unaishika nyumba na ardhi yote. Tunauita metimani. Zamani msichana wa hivyo alipelekwa nje ya mpaka wa ardhi yetu, akazaa porini. Wengine hawakurudi.

Njia ilikuwa moja: Sebastiani aje, aseme mbele ya wazee kwamba Kornelia ni mke wake.

Bernadina akaenda kambini kumwomba. Alimkuta anapaka mashine grisi. Sebastiani alimwamkia vizuri, akamkalisha juu ya gunia.

"Mama, siku hizi watu wanapendana, wanakaa," alimwambia. "Ndoa tutafunga ngano ikiisha."

"Mtoto hangoji ngano," Bernadina akasema.

Wenzake walicheka, wakasema mama mkwe huyu ni mkali kuliko bwana shamba.

Majirani wakaacha kupita uani kwetu. Siku moja mzee Margwe alisimama ng'ambo ya mfereji, hakunipa mkono.

"Baba Kornelia, ng'ombe wa jirani yetu Sulle amezaa ndama mfu."

Akaunyooshea fimbo mlango wetu. Akaondoka taratibu.

Uchungu ulimshika Kornelia asubuhi. Bernadina alimfunga shuka, akamshika mkono.

"Kama yeye haji kwetu, mtoto atazaliwa kwake," aliniambia. "Kwake ndiko kwa mume."

Alinikataza kuwafuata. Niliwaona wakiingia kwenye ngano, kisha sikuwaona. Upepo ulikuwa mkali. Kombaini hazikusikika kabisa.

Zilikuwa zimehamishiwa shamba lingine, na Sebastiani alikwenda nazo. Chumba chake cha kambini kilikuwa na kufuli. Bernadina alilivunja kwa jiwe, na mtoto wa kike akazaliwa humo, mzima. Mke wangu alimpokea kwa mikono yake.

Nilipeleka habari kwa wazee. Nilidhani imekwisha. Margwe akaniuliza chumba kile ni cha nani. Nikasema cha Sebastiani. Akasema hapana, ni cha shamba. Akiondoka Sebastiani, analala mwingine. Hiyo si nyumba ya mume. Basi mama, mtoto na aliyempokea wasivuke mpaka kurudi kwetu.

Meneja wa shamba naye akawatoa chumbani, akatia kufuli jipya.

Bernadina alijenga kibanda cha nyasi nje ya mpaka. Nilipeleka unga, nikauweka mbali. Baridi ya mlima ikamwingia kifuani. Usiku nilimsikia akikohoa, halafu usiku mmoja sikusikia. Nilichimba kaburi peke yangu. Hakuna aliyekuja.

Ngano ilipoisha, Sebastiani alifika na trekta, ameleta kitenge na sabuni. Alinipa shikamoo. Akasema yuko tayari sasa, twende kwa padre.

Kornelia akamwonyesha udongo wa kaburi.

"Aliyeitaka ndoa ni huyo."

Kisha akapanda trela la trekta na mtoto, wote watatu wakaenda zao. Hawajafunga ndoa mpaka leo.