Makopo ya Dirishani

Nyumbani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, dagaa walikuwa tusi kwanza, kitoweo baadaye. Baba yangu alikuwa karani mdogo mjini, na kila asiyevaa soksi ndefu alimwita dagaa: mchukuzi dagaa, muuza maji dagaa, jirani aliyemsalimia bila kuvua kofia dagaa. Kisha alirudi nyumbani akala dagaa. Jiko letu lilikuwa uani kama la watu wote, lakini siku za kitoweo hicho mama alihamia chumbani, madirisha yamefungwa, sisi watoto tukikohoa kwa moshi ili mtaa usijue.

Mtaa ulitakiwa ujue sadini. Wazungu wa ofisini walipomaliza samaki wao wa kopo, baba aliyaokota makopo matupu, akayaosha, akayapanga kwenye dirisha la mbele, picha ya samaki ikitazama barabarani. Mama aliyafuta vumbi kila Jumamosi. Ndani yake hatukuwahi kuonja hata tone la mafuta.

Siku moja wakaja watu kumposa dada yangu. Mchumba alikuwa fundi cherehani wa Kinondoni, na dada alimpenda mpaka hapati usingizi. Msemaji wao alikuwa bibi wa huyo kijana, mama mzee mwenye macho makali.

Baba akakohoa kidogo, akaonyesha dirisha. "Binti yangu kalelewa kwa sadini. Humu ndani dagaa hawavuki kizingiti."

Bibi akayatazama makopo, moja baada ya jingine. "Tumeshukuru, baba. Lakini kijana wetu anashona kaptula. Akimwoa huyu atamlisha nini? Sie hatutaki kumtesa mtoto wa watu." Akashika goti, akaanza kuinuka.

Nilimchukia baba dakika ile. Alikuwa anatabasamu, akidhani amesifiwa!

Dada alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Akatoka na sufuria ya dagaa wa mchana, akapiga magoti, akaiweka mbele ya yule mzee. "Shikamoo, bibi. Nimewapika mie. Hiki ndicho tunachokula siku zote."

Baba akaruka kitini. "Hao ni wa paka!"

Bibi akachungulia chini ya meza. Akachungulia nyuma ya mlango. Akaita, "Pusi! Pusi!" Hakikuja kitu. Akakaa tena, akakunja ncha ya khanga yake.

"Basi tuleteeni ugali," akasema. "Akija, tutamwachia vichwa."

Walikula mpaka sufuria ikakwanguliwa, na mahari ikazungumzwa hapo hapo. Baba alikaa akiyatazama makopo yake.

Siku ya harusi, mbele ya makarani wenzake wote na soksi zao ndefu, bibi yule alimkabidhi baba kikapu chenye kifuniko. Kikapu kilikuwa kinalia nyau.

"Mkwe wangu," akasema kwa adabu zote, "nimekuletea mwenye dagaa wake."