Mama Mkwe Aliipa Runinga Kisogo

Jumamosi. Asubuhi ukungu, mchana jua.

Leo mama mkwe kanigeuka mbele ya wanangu!

Kaja kutoka Isingiro. Jioni akakuta watoto wanaangalia filamu iliyotafsiriwa Kiswahili, zimwi limeteka msichana.

"Mama Neema, huo ni uchawi." Akaipa runinga kisogo, akaanza kumenya ndizi.

Neema alitaka kujua kama msichana atarudi kwao. Lakini mkwe ni mkwe. Nikazima.

Mama mkwe akaacha kumenya.

"Mbona umezima?"

"Si umesema uchawi, mama?"

"Nimesema. Lakini huyo mtoto hajafika kwao. Washa!"

Alifika. Aliyepiga makofi wa kwanza ni mama mkwe.

Kwenu wakwe wanaruhusu mazimwi?

Kwenye beseni nilikuta ndizi nne tu zilizomenywa. Tumekula saa nne, nalala saa tano kasoro.