Timu Inayoongoza Haina Haraka

Refa hana pa kukaa. Timu moja ina benchi lake, nyingine ina lake, wazazi wamejipanga kwenye ukuta wa shule, na wewe unasimama katikati ya kiwanja ukijifanya unakagua nyavu. Ukisogea upande huu, wa upande ule wanasema umeshanunuliwa. Ndizi za kuchoma zikiletwa, wanakula wao. Kwa mtu kama mimi, asiyejua kuongea na watu, si vibaya sana kusimama peke yako ukiwa na sababu.

Mimi ni mtu wa mlimani, juu ya Tengeru. Nilimaliza darasa la saba, baadaye nikashuka mjini kufyatua tofali za saruji Sombetini. Nyumbani tunaongea Kimeru, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, cha kujibu swali la mwalimu. Sombetini watu wanataniana haraka. Jibu langu lilikuwa linafika wakati wenzangu wameshahamia kwenye jambo lingine. Nikazoea kunyamaza. Kuna wiki zilipita sijasema zaidi ya "shikamoo" na "mifuko mingapi?"

Aliyenivuta kwenye mpira wa kikapu ni fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, inatazamana na pale tunapoanika tofali. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mwili jumba, na jioni aliwafundisha watoto wa mtaa kikapu bila malipo. Siku moja alivuka barabara akanipa filimbi.

"Chalii, wewe huongei," akasema. "Shika hii, ikuongelee."

Tangu hapo jioni zangu zilikuwa karakanani kwake, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Yeye anasugua chuma, mimi nasikiliza. Alinifundisha sheria, lakini zaidi alinifundisha ujanja. Timu inayoongoza haina haraka, alisema. Mchezaji wao akianguka, kwanza anachagua goti la kushika. Kamba za viatu zinafunguka kwa wote watano. Anayekwenda kupiga mtupo huru atapangusa mikono kwenye kaptula mpaka kaptula ichakae. Ujanja alioupenda kuliko wote ni ule wa kumkabidhi mpinzani mpira kwa heshima zote, halafu mikono ikapishana kidogo tu na mpira ukaenda zake. Aliuigiza kwa ndoo tupu. Ndoo ilibingirika mpaka barabarani, mwenye bodaboda akafunga breki na kututukana, na mimi nikacheka kwa sauti. Sikumbuki mahali pengine mjini nilipowahi kucheka kwa sauti.

"Na watoto wako unawafundisha haya?" nikamuuliza.

"Mimi? Hawa wanazaliwa nayo."

Mwaka uliofuata nilipangiwa kuchezesha mechi ya timu yake. Yalikuwa mashindano ya watoto, Kimandolu, na mshindi wa siku hiyo alikuwa anaingia fainali. Marefa tuko wachache, na kila refa ni jirani wa mtu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kabla ya mchezo alinipungia, "Mambo, chalii!" Nikajibu kwa kichwa tu, kama inavyotakiwa.

Kiwanja kile kimejengwa kwenye mteremko. Upande wa chini hakuna uzio, kuna migomba ya jirani, halafu mfereji. Mpira ukitoka huko unashuka wenyewe. Saa yetu ilikuwa simu ya mwalimu mmoja aliyekaa mezani, na kwa kuwa mechi zilikuwa nyingi, tulikubaliana asiisimamishe mpira unapotoka, labda refa aamuru. Ndiyo kusema mpira ukiwa mgombani, saa inakula tu.

Dakika za mwisho watoto wa Sombetini walikuwa mbele kwa pointi moja. Mara wakaacha kutazama kikapu. Wakawa wanapasiana huku na huku, taratibu, kama watu wanaopitishiana chumvi mezani.

"Chezeni mpira! Mnaatamia?" mama mmoja akapiga kelele ukutani.

Mpira ukamponyoka nahodha wao, ukatoka, ukashuka mgombani. Aliufuata kwa mwendo wa kwenda kanisani. Ukuta mzima ukapamba moto.

"Refa, saa! Refa amelala!"

"Hajalala. Huyo ni wa Sombetini, wanakaa wote!"

Nikapiga filimbi, nikaenda kwenye benchi lake. Onyo la kuchelewesha mchezo ni lazima lisemwe kwa mdomo.

"Kocha, onyo. Kuchelewesha."

"Sijasikia," akasema, anatabasamu.

Nikarudia. Sauti ilitoka ndogo vile vile.

"Sawa, mwamuzi."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilidhani ananitania.

Mchezo ukaendelea. Muda ulikuwa umebaki kidogo sana mpira ulipotoka tena, upande ule ule wa chini, na sasa ulikuwa wa wapinzani. Kijana mmoja mfupi wa Sombetini akauwahi kabla haujashuka. Mpinzani wake akanyoosha mikono miwili kuupokea. Yule mfupi akatazama benchi, kisha akamkabidhi mpinzani mpira kwa heshima zote, mikono ikapishana, mpira ukapita katikati yao na kuteremka kwenye migomba.

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Kwa onyo lile, kosa la pili ni faulo ya kiufundi: mtupo mmoja huru kwa wapinzani, na mpira unabaki wao. Nilijua kabisa kinachofuata nikipuliza. Watoto wake wangeweza kuikosa fainali, na mimi nisingeweza tena kuvuka ile barabara jioni kama mtu anayekwenda kwao. Nikinyamaza, hakuna ambaye angeweza kuthibitisha lolote. Mikono ya watoto hupishana kila siku. Nikamtazama kocha. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alikuwa ananitazama tu, kama ananisubiri nicheke.

Yule mtoto mwingine bado alikuwa amenyoosha mikono.

Nikapuliza. Nikaweka kiganja juu ya ncha za vidole, ishara ya faulo ya kiufundi, nikamwamuru mwalimu asimamishe simu. Mtupo ukaingia. Wakarusha mpira ndani, wakafunga tena, na simu ikalia. Yule mfupi wa Sombetini akalala chali kwenye saruji, na safari hii hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Kocha alikuja kunipa mkono, maana ndiyo desturi.

"Nilikufundisha mimi," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Si ungeniangalia mara moja tu?"

"Nilikuangalia, kaka. Ndiyo maana nikachelewa kupiga."

Akacheka kwa pua, akaenda kumwinua mtoto.

Kesho yake jioni nilivuka barabara. Alikuwa anachomelea, hakuvua miwani ile myeusi.

"Karibu, mwamuzi."

Akanisogezea kiti cha plastiki, kile wanachokalia wateja. Tukaongea bei ya saruji. Tukaongea mvua. Hakunisema vibaya, wala sijasikia kwamba amenisema vibaya popote. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Watoto wakapita kwenda mazoezini wakamsalimia, "Shikamoo kocha," halafu wakanigeukia mimi, "Shikamoo refa," kwa adabu, wakati wiki iliyopita walikuwa wananirukia mgongoni. Nikaitikia marahaba. Nilikaa kidogo, nikaaga, na yeye akasema karibu tena, kama anavyomwambia kila aliyekuja kuulizia geti.

Nikapunguza kwenda. Baadaye nikaacha.

Lakini mechi ziliongezeka. Mkubwa wa marefa alisikia habari ya Kimandolu, akawa ananipanga kila wikiendi, anasema huyu kijana hapendelei mtu. Nilifurahi, sitasema uongo. Ila nilirudi chumbani na ile furaha, nikapika ugali, nikala, na sikuwa na wa kumhadithia.

Juzi nilichezesha Ngaramtoni, na mojawapo ya timu ilikuwa yake. Kabla ya mchezo aliwapanga watoto mstari kunipa mikono, akasimama nyuma yao.

"Huyu msijaribu kumchelewesha," akawaambia.

Nilitafuta usoni kwake kama ni sifa au ni onyo, lakini alikuwa ameinama anakaza kamba ya kiatu cha mtoto.

Walicheza vizuri. Walikuwa mbele, na bado walikimbia mpaka sekunde ya mwisho, mpira ukitoka wanaufuata mbio. Wakashinda. Kocha aliingiza mipira kwenye mfuko wake wa wavu, akawahesabu watoto wake vichwa, wakaondoka kuelekea barabara ya Nairobi wakiimba. Mimi nilibadilisha fulana nyuma ya choo cha shule, nikakunja ile ya kijivu ya urefa taratibu, nikaikunjua, nikaikunja tena, mpaka sauti zao zikaisha na nikawa na hakika wameshapata gari.