Radiata za Papa

Harufu ya rangi kuukuu ikipata moto, ikichanganyika na ukungu wa ziwani: hiyo ndiyo Ibanda, mtaa wa utoto wangu, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Papa, mzaliwa wa kijiji cha Miti, alikuwa fundi wa mabomba katika nyumba ya kupangisha, juu kilimani, ya mzungu tuliyemwita Patron. Kila chumba kilikuwa na radiata, chuma kizito chenye mbavu kilichopitisha maji ya moto, na Papa ndiye aliyezifunga na aliyewasha tanuri la kuyachemsha. Kiangazi kimoja, asubuhi zikiwa na baridi ya kuuma, Patron aliamua kuikarabati nyumba apate mpangaji mpya. Radiata zing'olewe, akasema, zimepitwa na wakati. Sebuleni pajengwe mahali pazuri pa kuotea moto. Mimi, binti yake, nilikuwa nimemletea chakula, nikasikia kila neno. Papa aligonga ubavu mmoja kwa spana, akatega sikio kama daktari.

"Patron, hizi vyuma ziko muzima. Ni valvu moja tu inavuja. Moto ya salon haitafika mu chambre ya kulala."

"Wewe unajua nini ya baridi? Zitoe kesho, ao usirudi."

"Ni mimi nawasha moto hapa kila asubui. Baridi ya hii nyumba naijua kuliko wewe."

Kesho yake Papa hakung'oa kitu. Alikaza valvu, akawasha tanuri. Mama mmoja wa kizungu akaja kuitazama nyumba, akaanika shali ya mtoto wake, iliyoloa ukungu, juu ya radiata ya chumba cha kulala. Alipomaliza kuzunguka, ilikuwa kavu. Akamwambia Patron kwamba zikitolewa, haichukui nyumba. Radiata zikabaki. Papa akafukuzwa jioni hiyo. Nilimuuliza kama anajuta.

"Nijute nini? Vyuma si ziko pale?"

Leo, miaka kumi baada ya uhuru, nimemaliza chuo kikuu, napanga chumba katika nyumba hiyohiyo. Mwenye nyumba wa sasa, Mwafrika mwenzetu, anakarabati, naye anataka kuzitoa, eti ni mabaki ya wakoloni. Hoja hiyo siikubali. Nani alizipandisha kilimani kwa mabega? Nani alizifunga, akazilinda hadi akapoteza kazi? Sioni kwa nini jasho la Papa liitwe mali ya Patron.

"Tonton," nilimwita mwenye nyumba kwa heshima, kama mjomba, "ukitoa hizi vyuma, na mimi natoka."

"Ah, mademoiselle wa université, kila kitu kwako ni kesi!" akasema akicheka.

Niligonga ubavu wa radiata kwa spana ya Papa, mlio wa chuma kizima ukajaa chumba, naye akaacha kucheka ili asikilize.