Mwalimu Kalunde na Wanafunzi wa D

Kalunde Ndeti amefundisha hisabati miaka kumi na tisa katika shule ya kutwa karibu na Masii. Ni mfupi, sauti yake inakwaruza, na kwenye mikutano ya walimu hanyamazi hata akikonyezwa.

Mwaka juzi, matokeo ya moku, mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, yalipotoka Julai, mwalimu mkuu aliwagawa wanafunzi wa kidato cha nne mafungu mawili. Waliokaribia C+, gredi ya kuingia chuo kikuu, wangefundishwa alfajiri na jioni. Kumi na mmoja waliopata D na E hawakupangiwa chochote.

"Na hawa?" Kalunde aliuliza.

"Wakae kwa ukumbi wasome wenyewe. Mwalimu, tuko na miezi mitatu tu. Hao watatuangusha wastani."

"Basi mimi nitakaa nao."

Siku ya kwanza aliwapa swali moja la hesabu, lililoandikwa kwa Kiingereza. Mbithe, msichana mpole kutoka Mwala, aliitazama karatasi robo saa nzima bila kuandika neno. Kalunde akaketi kando yake, akamweleza swali lile lile kwa Kikamba: tanki ni la lita mia sita, punda anabeba lita themanini kila safari. Safari ngapi?

"Saba na nusu," Mbithe alijibu papo hapo. "Lakini mwalimu, utaenda nane. Huwezi kumrudisha punda katikati ya njia."

Kalunde alicheka, kisha moyo ukamshuka. Alikuwa amemfundisha msichana huyu tangu kidato cha kwanza, na kila muhula alimwandikia "ongeza bidii" kwenye ripoti. Kumbe hesabu alikuwa anaijua. Kiingereza cha swali ndicho kilichomzuia mlangoni.

Tangu siku hiyo waliacha kukimbilia majibu. Walisoma maswali kwa sauti, sentensi moja moja, wakipiga mstari chini ya maneno magumu. Walimu wenzake walimcheka kwamba anaendesha shule ya chekechea. Hakuacha.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotangazwa, Mbithe alipata C-. Si ya chuo kikuu, ila ilimtosha kuanza stashahada ya upimaji ardhi katika chuo cha ufundi. Alipiga simu akilia hata maneno hayasikiki. Wanane walipanda gredi moja au mbili. Wawili walibaki na E.

Mmoja wa hao wawili, Erastus, alikuwa amehamia Mlolongo, akipasua mawe kwenye machimbo. Kalunde alimfuata huko Jumamosi moja. Kijana alifuta mikono kwa suruali kabla ya kumsalimia.

"Sikufanya vizuri, mwalimu. Pole."

"Usiniombe pole. Ni mimi nilichelewa. Miaka mitatu ulikaa mbele yangu na sikukuuliza unakwama wapi."

Erastus aliuliza kama mtu anaweza kurudia mtihani akiwa anafanya kazi. Walizungumza hadi kengele ya machimbo ikalia, na Kalunde akamwachia namba ya mwalimu anayefundisha watu wazima pale mjini. Mpaka leo hajasikia kama alipiga.

Januari hii alimwomba mwalimu mkuu saa moja kwa wiki na kidato cha kwanza, ya kusoma maswali tu. Alipewa nusu saa, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Wiki ya kwanza walikuja wanafunzi thelathini na wawili.