Mizani Pacha

Mama Pacha, fundi wa kompyuta wa kiwanda cha unga, hupuliza kila plagi kabla ya kuichomeka, kama anayepoza uji wa mtoto. Mizani mbili zilizofanana, ya mahindi na ya unga, zilikuwa zimemtoa karani jasho: kila umeme ukirudi, kompyuta iliita "mahindi" yoyote iliyotangulia kuwaka, hesabu zikavurugika, karani akasingiziwa wizi.

"Wanangu ningewaita hivyo, wangebadilishana majina kila asubuhi!" alicheka Mama Pacha, akaifundisha kompyuta kuitambua kila mizani kwa namba ya kipekee iliyozaliwa nayo. Kisha akachomoa nyaya, akapuliza, akazichomeka kinyume, akapanda mwenyewe juu ya mizani ya unga.

Karani akatazama skrini, akaruka kwa furaha. "Unga! Unga, kilo tisini na sita!"

"Jina linatosha, mdogo wangu. Hizo kilo zifute upesi!"